Mgonjwa wa Moyo Haambiwi

Wanangu walinipima presha kwanza, ndipo wakaniambia kwamba Shangazi Somoe amefariki. Walikuja wote watatu asubuhi ya siku ya kazi, na mama akiona watoto wake wakubwa wamebanana kwenye kochi moja siku ya kazi hahitaji kuwa mwalimu mstaafu ili ajue kuna jambo. Yule wa mwisho alikuwa ameshika kile kimashine cha kufunga mkononi. "Mama, hebu tukupime kidogo," akasema, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto asiikimbie sindano. Nikamuuliza, "Nani?" Wakatazamana. "Kwanza tukupime, Mama." Nikanyoosha mkono, maana nilijua nisipounyoosha wataniongelesha habari za mvua mpaka Ijumaa, kisha waondoke na msiba wao mfukoni. Mashine ikakaza, ikalegea, ikatoa namba zake, nao wakaridhika, wakasema. Nilimlilia shangazi yangu, na ninamlilia bado. Lakini kabla ya kilio ilinipanda hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya siku ile. Ilikuwa ya mwaka mmoja wa ujana wangu nilioukaa nyumbani kwake Mitwero, nikiwa sijui lolote. Wanangu walidhani wameniudhi kwa kuchelewa kusema. Nikawaambia waende zao, nitawaandikia.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mitumba ilipoanza kuuzwa kwa marobota pale Lindi mjini, na mtu wa kawaida alipoanza kuona vibao vya zahanati za watu binafsi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimepata nafasi chuo cha ualimu, na kilichobaki ni kupimwa afya tu. Nilitoka Rutamba kwa Bibi, aliyenilea tangu sijaota meno, nikiwa na kanga mbili na kifuko cha korosho za kumpelekea Shangazi. Bibi hakunisindikiza hata barabarani. Alikuwa anapepeta mtama uani, makapi yamemjaa kwenye nywele, akasema, "Nenda uwahi gari. Ukirudi tutaongea." Nilidhani nitarudi baada ya siku chache, nimuage vizuri, nichukue sanduku langu, niende chuoni. Hiyo ndiyo haja niliyokuwa nayo mwaka ule wote, na wala haikuwa kubwa: kupewa neno la daktari kwamba mimi ni mzima, nirudi Rutamba kwa Bibi, kisha nikasome.

Daktari aliyenipima hospitali alikuwa kijana, mpole, mwenye mikono ya baridi. Alinisikiliza kifuani, akanisikiliza mgongoni, akaniambia nilalie ubavu wa kushoto, nishushe pumzi, niibane. Akamwita mwenzake naye akasikiliza. Mtu akisikilizwa kifua na watu wawili kwa zamu, huku wamekunja nyuso, hata kama moyo ulikuwa mzima huanza kwenda mbio. "Una sauti ya ziada kwenye moyo," akaniambia. "Inaweza isiwe kitu. Na inaweza ikawa mlango mmoja wa moyo haufungi vizuri. Mimi kwa masikio yangu siwezi kujua, na siwezi kukupitisha mpaka upimwe zaidi." Shangazi Somoe alikuwa amekaa pembeni na mkoba mapajani. Tulipofika nyumbani Mitwero akamsimulia mumewe, niliyekuwa nikimwita Baba, na katika masimulizi yake ile "inaweza isiwe kitu" haikuwemo kabisa. Alikuwa amesikia habari za mlango tu. "Moyo wa mtoto hauna mlango," akasema, na Baba akavua kofia yake.

Kuanzia jioni ile nilikuwa mgonjwa wa moyo, na kwetu mgonjwa wa moyo haambiwi. Sijui kama wanangu, waliokulia kwenye miji, wanaelewa ukubwa wa sheria hiyo. Mgonjwa wa tumbo huambiwa, mgonjwa wa mguu huambiwa, lakini wa moyo hapewi habari mbaya, kwa sababu kila ukoo unamjua mtu aliyepewa habari akiwa amesimama, akadondoka hapo hapo. Haambiwi msiba, haambiwi ajali, haambiwi ugomvi wala mali kupotea. Wengine huona hata habari njema sana nazo zina hatari, zitolewe kidogo kidogo. Basi redio ya Baba, inayokaa juu ya kabati la vyombo, ilikuwa inazimwa kila inapofika saa ya matangazo ya vifo, mtangazaji hajamaliza hata kusema "tunasikitika". Jirani aliyekuja kuomba moto alikuwa anashikwa mkono mlangoni, ananong'onezwa, kisha anaingia na uso alioupanga upya. "Hujambo, mwanangu? Sisi wote wazima. Wazima kabisa." Hakuna aliyeniambia neno lenye uzito tena. Mimi niliyekua nikigombana na Bibi tangu alfajiri, juu ya maji, juu ya kuni, juu ya namna ya kufunga kitambaa, nilijikuta katika nyumba ambayo kila nikisema kitu naitikiwa.

Chumba changu kilikuwa cha nyuma, na kabla yangu kilikuwa stoo. Kulikuwa na magunia mawili ya muhogo mkavu, kitanda cha kamba, na dirisha dogo linaloangalia ua wa jirani. Ukuta haukufika kwenye paa, hivyo sauti za sebuleni zilikuwa zinapita juu na kunidondokea kitandani, lakini zilinifikia vipande vipande, maana walijua ninasikia. Nililala mchana, kwa amri, na nikiwa nimelala nilikuwa nasikia, "…basi wakamkuta…" kisha kimya, kisha Shangazi kwa sauti ya juu, "Na bamia mwaka huu zimestawi!" Nikikohoa, mazungumzo yote yanakufa. Ikawa najizuia kukohoa ili watu waongee. Chakula nacho kilikuwa cha peke yangu. Shangazi alisikia kwamba chumvi ni mbaya kwa moyo, na kweli ni mbaya kwa baadhi ya mioyo, lakini wangu hakuna daktari aliyekuwa ameusemea habari ya chumvi. Nikanunuliwa kisufuria changu. Wao walikuwa wanakaa mkekani, sinia moja la ugali katikati, samaki wa nazi, mikono inagongana na watoto wanalaumiana kunyang'anyana mnofu, na mimi nimewekewa sahani yangu kwenye stuli, samaki wa kuchemsha mweupe asiye na ladha, kama mgeni asiyependwa. Nikisema nataka kukaa nao naambiwa, "Kaa juu hapo upumue vizuri." Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa natamani mtu aninyang'anye mnofu.

Kipimo cha pili nilifanyiwa kwenye zahanati mpya mjini, ya daktari mmoja mstaafu aliyepanga vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa. Alikuwa na mashine ya kupima umeme wa moyo, na watu walikuwa wanaizungumzia mashine ile kuliko daktari mwenyewe. Nilivua bangili, nikalala chali, mhudumu akanipaka ute wa baridi kwenye vifundo vya mikono na miguu na kifuani, akanibandika nyaya. Nikauliza, "Itaniunguza?" Daktari akacheka. "Haikutilii umeme. Inausoma ulio nao. Moyo wako unajipiga wenyewe kwa umeme mdogo sana, na hii inauandika tu." Karatasi ikawa inatoka, ya viraba vyekundu, yenye mistari inayopanda na kushuka. Aliivuta akanionyesha. Mlima mdogo, mlima mrefu na mlima mpana, kwa pamoja, ilikuwa pigo moja, na mapigo yangu yalifuatana kwa mpangilio, hakuna lililowahi wala lililochelewa. "Hapa pako sawa," akasema. "Lakini mashine hii inajua mwendo wa moyo na hali ya misuli yake. Milango haiioni. Kapigwe picha ya kifua tuone ukubwa wa moyo, kisha tutazame."

Mimi nilitoka pale ninaelea. Shangazi alitoka akiwa amejiinamia. Jioni nikamsikia juu ya ukuta akimwambia jirani, "Wamemtia nyaya mwili mzima hawakuuona. Uko ndani sana huo." Kumbe ndivyo walivyoelewa nyumba nzima, na ndivyo walivyoelewa mtaa mzima. Kwao mtu mzima hapimwi. Anayepimwa ni mgonjwa, na anayepimwa mara mbili ni mgonjwa zaidi, na mashine ikisema hakuna kitu maana yake ugonjwa umeikimbia mashine. Nilipigwa picha ya kifua hospitali, nimekumbatia ubao wa baridi, nimebana pumzi, na picha ikaonyesha moyo wa ukubwa wa kawaida na mapafu safi yenye afya, sijui daktari alisemaje hasa, lakini alisema pazuri. Siku ile Shangazi akaninunulia godoro jipya. Aliponiona ninatandika akageuka ukutani akajifuta macho. Nilikaa juu ya godoro lile nikaogopa kwa mara ya kwanza. Mpaka hapo nilikuwa nimeudhika tu. Lakini watu wazima wote wakikutazama mwaka mzima kama mtu wa kufa, hata wewe mwenyewe unaanza kujisikiliza kifua, na ukijisikiliza unasikia mengi.

Leo, na presha yangu na mafaili yangu ya kliniki, nimepimwa karibu kila kipimo cha moyo kilichopo nchini, hata kile cha kutembezwa kwenye mkanda unaokwenda huku umefungwa nyaya, na nimejifunza kwamba kila kipimo kina swali lake. Ukiuliza umeme, unajibiwa umeme. Ukiuliza ukubwa, unajibiwa ukubwa. Jibu zuri la swali moja si jibu la maswali yote, na kuulizwa swali la pili si hukumu. Daktari mstaafu alijaribu kumweleza Shangazi hivyo hivyo, kwa upole, akimchorea moyo kwenye kipande cha karatasi. Aliitikia, "Ndiyo, daktari, ndiyo, daktari," macho yake yako kwangu. Alikuwa ananipenda. Hilo nalisema wazi, kwa sababu bila kulijua hilo mtu anaweza kusoma haya akadhani naandika habari za mwanamke mbaya.

Kipimo kilichobaki, cha mawimbi ya sauti, kinachoonyesha milango yenyewe ikifunguka na kufunga, kilikuwa Dar es Salaam tu wakati ule, na foleni yake ilikuwa ndefu. Kisha masika yakaingia, barabara ya kaskazini ikakatika, magari yakawa yanalala kwenye tope. Nikaomba basi nikangojee Rutamba kwa Bibi. Shangazi akakataa katakata. Lori lile lingenitikisa, alisema, na vile vilima vyake, moyo ungepasuka njiani. Nikaomba Bibi aje yeye. "Bibi yako mtu mzima, mvua hizi?" Ikabidi niridhike na salamu. Aliyetoka Rutamba kuleta muhogo sokoni alikuwa ananipitishia: "Bibi anakusalimu, anasema usisumbuke, upone kwanza." Mimi nami nilikuwa namtumia salamu zangu, na siku nyingine nilikuwa naongeza uchokozi, kwamba mtama wake ninaula ndotoni wenye mchanga vile vile. Kwa Bibi huwezi kusema maneno kama hayo bila kurudishiwa. Lakini majibu yaliyokuja yalikuwa matamu, yamenyooka: Bibi kafurahi, Bibi anakuombea dua. Nikadhani naye wamemwambia nina moyo, naye ameanza kuniitikia kama wengine. Hilo liliniuma kuliko samaki asiye na chumvi.

Katikati ya masika hayo Shangazi mwenyewe alikwenda Rutamba, siku kadhaa, akaniaga kwamba anakwenda harusini. Aliporudi hakuwa na hina mikononi. Alikuwa amefunga kanga kichwani mpaka kwenye nyusi, macho mekundu, akasema ni vumbi, na nje mvua ilikuwa inanyesha. "Harusi ilikuwaje?" nikamuuliza. "Ilikuwa nzuri," akasema, akaingia chooni, akakaa humo muda mrefu akimimina maji. Nikafikiri amegombana na ndugu. Siku zile nilikuwa nimeshazoea kwamba mambo yote ya dunia yanatokea upande wa pili wa ukuta, na kwangu yanaletwa yakiwa yameoshwa.

Barabara ilipofunguka Baba alinisindikiza Dar es Salaam. Njia iliyokatazwa ya Rutamba ni mchezo wa watoto mbele ya njia ile. Basi lilitutupa huku na huku kutwa, likaharibikia Tingi, tukalala kwenye mikeka ya mama mmoja muuza chai, na asubuhi nikala maandazi na maharage yenye chumvi tele, maana Baba alikuwa amegeuka akibishana na dereva juu ya mpira. Aliponiona ninamtazama akanyamaza, akatabasamu kama mtu aliyefumwa. "Endelea, Baba," nikamwambia. "Nimemaliza," akasema. Nilitaka sana aendelee. Nilikula maharage yangu nikiwatazama abiria wengine wakitukanana na kucheka, nikaona mimi na wao tumetenganishwa na kitu nisichoweza kukishika.

Chumba cha kipimo kilikuwa na giza na baridi. Daktari wa kike, mtu mzima, alinilaza ubavu wa kushoto, akanipaka ute, akanisogezea kitu mfano wa sabuni ndogo kati ya mbavu. Akageuza kioo nikione. Nilimwona moyo wangu. Nasema nilimwona kwa sababu alikuwa kama kiumbe, yuko kazini, hana habari na mtu. Milango yake ilikuwa miembamba, myepesi, inapepea na kufunga, inapepea na kufunga. Daktari akapima huku na huku, akasikiliza mshindo wa damu kwenye mashine, hakuwa na haraka. "Inafunga yote," akasema. "Hakuna tundu, hakuna mlango uliokakamaa. Ile sauti aliyoisikia mwenzangu ipo, hakukosea, ni damu inavyopita tu. Vijana wembamba wengi wanayo. Si ugonjwa." Nikamuuliza, "Naweza kupanda lori?" Akanitazama. "Mwanangu, unaweza kulisukuma."

Tulirudi Mitwero mchana, na habari ilikuwa imetutangulia kwa watu wa basi la mbele. Sebule ilijaa. Walinikumbatia, wakapiga vigelegele, wakanikalisha mkekani, kwenye sinia lao. Nilikula na mikono ikanigonga. Shangazi akamuuliza mumewe mbele ya watu, "Amesema mzima kabisa? Kabisa?" Baba akasema, "Kabisa. Nimesikia kwa masikio yangu." Hapo nikaona watu wanatazamana, na Baba ndiye aliyeanza, kwa jambo dogo. Alisema kazini kwake alipunguzwa tangu shirika lilipouzwa, kabla hata ya masika. Mwaka ule karibu wote alikuwa anavaa shati la kazi kila asubuhi, ananiaga, anakwenda kukaa mjini kwenye marobota ya mitumba, ili mimi nisishtuke. Watu wakacheka, nami nikacheka, nikidhani ndiyo hiyo. Kisha Shangazi akanishika mkono. "Mwanangu, Mama hatunaye. Wakati ule wa mvua. Nilikwenda kumzika."

Nilisikia neno "Mama" nikachelewa kuelewa, kwa sababu mama yake yeye ndiye bibi yangu mimi. Nilipoelewa niliinua uso, nikakuta sebule nzima inanitazama kifuani. Si usoni, kifuani. Walikuwa wameacha kula. Wanawake wawili walikuwa wamenyanyuka nusu, tayari kunidaka. Shangazi alikuwa ameniwekea kiganja juu ya titi la kushoto, anangoja kuona kama daktari wa Dar es Salaam alisema kweli. Moyo ulikuwa unakwenda mbio, lakini ulikuwa unakwenda. "Zile salamu?" nikauliza. "Za kabla, zake mwenyewe. Za baada, zangu," akasema. "Ningefanyaje?" Nikamwambia amenifanya mjinga, nikamwambia ningekwenda hata kwa miguu, nikapiga kelele. Naye, aliyezungumza nami mwaka mzima kwa sauti ya pamba, akapiga kelele pia. "Na mimi je? Nimefiwa na mama yangu nikawa nakwenda kumlilia kwa jirani! Ndani ya nyumba yangu nacheka!"

Kesho yake nilipanda lori la Rutamba, nimesimama nyuma, peke yangu, sikukubali kusindikizwa. Kwetu anayechelewa msiba halii peke yake. Akitokea tu njiani wenyeji humpokea kwa kilio, msiba unaanza upya kwa ajili yake, analia katikati ya watu mpaka atulie. Nilijua hivyo, na njia nzima nilikuwa nimekibana kilio changu nikifike nacho. Lakini arobaini ilikuwa imepita zamani. Khitma imesomwa, vitu vimegawanywa, nyumba amepewa binamu yangu, na mkewe, ambaye sikuwahi kumwona, alikuwa uani anamenya muhogo. Shikamoo, akaniambia, maana nilikuwa nimejitanda kanga na hakunijua. Nikamjibu, nikamweleza mimi nani. "Karibu, wifi, karibu kiti," akasema, akakifuta kiti kwa upindo wa kanga yake. Jirani mmoja wa zamani akatokea, akanipa mkono wa pole, akaniuliza hali ya moyo, akaniuliza bei ya chumvi mjini. Wote walikuwa wema. Machozi yao yalikuwa yameshaisha kwa haki, walikuwa wamerudi kwenye muhogo wao.

Nilianza kulia nikiwa kwenye kiti, kwa sauti, kama inavyoliliwa, na sauti yangu ikazunguka ua ikanirudia yenyewe. Mke wa binamu yangu alisimamisha kisu, hakujua ashike wapi. Mtoto wake mdogo akatoka ndani mbio, amefunikwa unga mdomoni, akanitazama, akamvuta mama yake kanga.

"Mama, nani kafa?"

"Hajafa mtu," akamwambia. "Nenda kacheze."